Jalizi, Mchanga na Wigo: Istilahi Zinazoficha Hatari

Istilahi mbaya haiharibu lugha tu. Yaweza pia kumtia mtu hasarani. Katika makala hii tunakusudia kuzichunguza istilahi mbili za kompyuta, yaani 'programu jalizi' na 'kisanduku cha mchanga'. Tumezichagua kwa sababu anayeulizwa na kompyuta kama anaruhusu au haruhusu si fundi, bali ni karani au mwalimu. Aliyeko Kasanda huulizwa swali lile lile analoulizwa aliyeko Dar es Salaam, na pengine hana fundi wa kumshauri karibu.

Hatuna budi kulieleza kwanza jambo lenyewe. Iko programu kubwa, mathalan kivinjari, na iko programu ndogo iliyotungwa na mtu mwingine ili ipachikwe humo na kuiongezea uwezo ile kubwa. Hiyo ndogo ni mgeni. Mgeni hukaribishwa sebuleni. Hapewi ufunguo wa ghala. Kwa hiyo watengenezaji wenye hadhari huiwekea programu ngeni mpaka, isisome majalada yasiyoihusu wala kuligusa neno la siri la mtumiaji. Mpaka huo ukiwa dhaifu, au usipokuwapo kabisa, mgeni hutenda atakalo kwa jina la mwenyeji.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi Januari 2013 ilijulikana kasoro iliyoziwezesha kurasa ovu za mtandao kuuvuka mpaka wa programu jalizi ya Java, hata Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ikawashauri watu waizime katika vivinjari vyao. Flash ya kampuni ya Adobe, iliyosumbua kwa kasoro zake kwa miaka mingi, iliachwa kuhudumiwa mwisho wa mwaka 2020. Hata hivyo tatizo halikwisha. Mwezi Desemba 2024 wahalifu walimlaghai mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven, wakatoa toleo lenye hila la kiendelezi chake cha Chrome, nalo likawafikia watumiaji pasipo wao kuulizwa tena. Hapo mpaka haukuvunjwa. Ruhusa ilikwisha kutolewa zamani. Na katika tovuti zilizojengwa kwa WordPress, programu jalizi hutenda kazi kwa mamlaka yale yale ya tovuti nzima.

Sasa tuitazame 'programu jalizi'. Wanaisimu wanakijua 'kijalizo', yaani kile kinachoikamilisha maana ya kitenzi. Kijalizo ni mwenyeji katika sentensi. Basi karani asomaye 'programu jalizi' huona kwamba kazi yake ilikuwa pungufu na sasa inakamilishwa. Ugeni wa kitu chenyewe hauonekani po pote. 'Kiendelezi' nacho kina kasoro hiyo hiyo. Wasemao 'plagini' hawamwelezi msikilizaji cho chote, lakini angalau hawambembelezi. Hata hivyo hatudai kwamba 'programu jalizi' ing'olewe, kwa kuwa imekwisha kuenea, na tumejionea jinsi 'tarakilishi' ilivyoshindwa kuiondoa 'kompyuta' midomoni mwa watu.

Istilahi ya pili ndiyo isiyovumilika. Kule Ulaya na Marekani watoto huchezea mchanga uliotiwa ndani ya kisanduku ili usitawanyike. Ndiko sitiari hiyo ilikotoka. Mtoto wa Kasulu au Kibondo huchezea udongo uani na njiani. Mchanga uliotengwa anaoufahamu mtumishi wa serikali ni ule wa ndoo za kuzimia moto katika kituo cha mafuta. Basi akisoma 'kisanduku cha mchanga' atadhani ni kifaa cha kukimbilia maafa yakisha kutokea, ilhali kinachotajwa ni kinga inayotangulia. Tafsiri hiyo haikupoteza maana tu; imeigeuza.

Wako wanaopendekeza 'karantini'. Neno hili lajulikana sana kwa wafugaji, lakini humhusu aliyekwisha kushukiwa. Mpaka tunaouzungumzia huwekewa kila mgeni, mwema na mwovu.

Sisi twaonelea neno 'wigo' lafaa zaidi. Wigo ni ua wa miti au mabua. Tena ni kadiri ya jambo, kama tunaposema wigo wa mada. Hivyo neno moja latuonyesha uzio na kiasi cha ruhusa. Aidha lazaa vizuri: kutia wigoni, kuvuka wigo, wigo dhaifu, programu isiyo na wigo. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Kiha kinapakana na Kirundi, mwalimu aweza kulieleza kwa msaada wa neno la Kirundi 'urugo', lenye maana ya boma la nyumbani. Ye yote atakayehofia kwamba 'wigo' lina maana nyingi mno, na aandike 'wigo wa usalama'.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezipa taasisi wajibu wa kuzilinda taarifa za watu. Wajibu huo hautatimizwa na karani asiyeelewa anachokiruhusu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walipime pendekezo letu kazini mwao, na kila waandikapo 'programu jalizi' waeleze pia imetungwa na nani na wigo wake unaishia wapi.