Pembe Pana, Umri Mdogo: Kumsoma Nyati Dume Kabla ya Risasi

Kwa miongo mingi, sifa ya nyati dume aliyewindwa imeamuliwa na tepu. Kitabu cha kumbukumbu cha Rowland Ward, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1892, hupima upana wa pembe kutoka ukingo wa nje wa upande mmoja hadi wa upande wa pili. Nyati wa Cape huingia humo akifikisha inchi 42, yaani karibu sentimita 107. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba humtanguliza dume ambaye hakupaswa kuguswa.

Chanzo ni namna pembe inavyokua. Kulungu wa Ulaya na Amerika hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine, hivyo akizeeka na mwili ukaishiwa nguvu, pembe mpya hutoka dhaifu. Nyati hadondoshi. Pembe yake ni ala ngumu iliyovaa mfupa na hukua kutokea shinani, kwa hiyo ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Akiwa na miaka mitano au sita ncha ni ndefu na kali, na upana umekaribia kilele. Baada ya hapo ukuaji hufifia, lakini kusuguliwa hakukomi: anachimbua udongo, anapondaponda vichaka, anapigana. Umri unapanda, tepu inashuka.

Ndiyo maana mwindaji bingwa hodari huelekeza darubini kwenye kipaji kwanza, pale mashina mawili ya pembe yanapokaribiana. Kwa dume kijana, mashina bado ni laini na nywele huonekana katikati yake. Kwa kawaida hukomaa na kuwa magumu kama jiwe akiwa na miaka saba, minane au zaidi. Hapa tope hudanganya: likikauka kipajini huzifunika nywele, na shina laini likaonekana gumu. Inabidi kungoja mnyama ageuke, ainamishe kichwa, mwanga uingie vizuri.

Baada ya kipaji hutazamwa ncha, kama zimekuwa butu. Kisha uso: nywele zilizopukutika, weupe kuzunguka macho. Mwisho mwili: ngozi inayoning'inia shingoni, mifupa ya nyonga iliyochomoza. Hakuna dalili inayojitosheleza. Masikio yaliyochanika yanaweza kuwa kazi ya simba au miiba, na kukonda kunaweza kuletwa na ukame. Hata kumkuta nje ya kundi kubwa si ushahidi kamili, kwa kuwa madume vijana nao hujitenga kwa vikundi.

Umakini huu una maana kwa kundi zima. Majike hupandwa zaidi na madume waliokomaa na wenye nguvu ya kuwashinda wenzao. Ukimwangusha wa miaka sita kwa sababu ya upana wake, umemwondoa kabla hajaacha watoto wengi. Hoja hiyo hiyo ilijengwa juu ya simba mwaka 2004, pale Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walipoonyesha katika jarida la Nature kwamba weusi wa pua husaidia kukadiria umri. Tanzania iliweka miaka sita kuwa umri wa chini wa simba dume anayewindwa.

Baada ya windo, jino husahihisha jicho. Kulika kwa magego hutoa makadirio, na jino likikatwa, tabaka za mzizi wake huhesabiwa. Kitalu cha uwindaji kinacholinganisha makadirio ya porini na majibu ya meno hunoa macho ya wawindaji wake msimu hadi msimu.

Kwa hesabu hii, mzee wa inchi 36 mwenye ncha zilizolika ni windo bora kuliko wa inchi 44 mwenye nywele kipajini. Kitabu kitamkataa huyo mzee, lakini kundi halitapungukiwa.