Kinanda kidogo, kijitabu cha peni moja: Ira Sankey alivyoijenga ziara yake

Juni 1873, mwimbaji Ira Sankey na mkewe Fanny walishuka melini Liverpool, Uingereza, pamoja na mhubiri Dwight L. Moody, mkewe Emma na watoto wao. Walitoka Marekani kwa mwaliko. Walipofika wakaambiwa kwamba wenyeji wao wawili, waliotarajiwa kuibeba safari, wamefariki dunia. Hapakuwa na ratiba, ukumbi wala kamati. Akina Sankey wakajihifadhi Manchester kwa rafiki yao Henry Moorhouse, naye Moody akatangulia York kutafuta pa kuanzia. Mkutano wa kwanza ulipata watu wasiofika 50, nao wakajipanga viti vya nyuma, mbali kabisa na mimbari. Kufikia 1875, Moody na Sankey walikuwa wakijaza Agricultural Hall ya London kwa maelfu ya watu.

Wengi wetu hueleza jambo kama hili kwa neno moja: upako. Siukatai. Lakini anayetaka kujifunza kazi ya uimbaji lazima aulize pia kazi yenyewe ilifanywaje. Nikiifuatilia ziara ile hatua kwa hatua, naona kila uamuzi wa Sankey ulipimwa kwa kipimo kimoja: je, maneno ya wimbo yatamfikia mtu wa kiti cha nyuma, na je, ataondoka nayo?

Kinanda

Sankey alisafiri na harmoniamu ndogo, kinanda ambacho mpigaji hukisukumia upepo kwa kukanyaga pedali. Kinanda kikubwa cha mabomba kina nguvu, ila hakihami, na mara nyingi mpigaji wake huwapa watu mgongo. Kile kidogo kiliwekwa jukwaani kando ya mhubiri. Sankey, mwenye sauti nzito kiasi ya baritoni, aliketi, akawatazama watu usoni na kuimba huku akijipigia mwenyewe. Kwa kuwa hakumfuata mpigaji mwingine, aliweza kuchelewesha mstari, kushikilia akodi moja chini ya neno zito, au kunyamazisha kinanda kabisa ili neno libaki peke yake.

Mtihani mkubwa ulikuwa Edinburgh, Novemba 1873. Wapresbiteri wengi wa Uskoti waliimba Zaburi tu, bila ala, na kinanda wakakibandika jina la dharau, kasha la filimbi. Jioni ya kwanza Moody alikuwa anaumwa koo, kwa hiyo mzigo ukamwangukia Sankey. Hakuanza na wimbo wake. Aliwaomba watu waimbe Zaburi ya 100, nao wakaiimba kwa nguvu zote, maana ilikuwa yao tangu utoto. Baada ya hapo ndipo akawaimbia peke yake. Hapo pana somo la ufundi kwa kila mwimbaji anayeingia mji wa watu: pokea kwanza wimbo wa wenyeji, kisha toa wako.

Kijitabu

Akiwa njiani Sankey alibeba daftari alimobandika nyimbo alizozikusanya. Watu wakawa wanaliazima kila siku, hadi akakosa la kuimbia. Ndipo akakata nyimbo 23 kutoka humo, akazikunja na kuzipeleka kwa mchapishaji wa London aliyejitolea kuzichapa. Kikatoka kijitabu cha kurasa 16 kiitwacho Sacred Songs and Solos. Nakala 500 za kwanza, kwa bei ya peni sita, ziliisha mara moja. Kisha likafanyika jambo ambalo kwangu ndilo lililoamua ziara nzima: yakachapwa maneno matupu, bila nota, kwa peni moja. Kibarua asiyejua nota wala kumudu peni sita sasa aliweza kwenda na wimbo nyumbani. Umati ukawa kwaya. Miaka 30 baadaye kitabu hicho kilikuwa na nyimbo 1,200, na baadhi ya nyimbo hizo tunaziimba mpaka leo kwa Kiswahili katika Tenzi za Rohoni.

Treni ya Glasgow

Mwaka 1874, katika treni kutoka Glasgow kwenda Edinburgh, Sankey alinunua gazeti, akakuta pembeni shairi la Elizabeth Clephane kuhusu kondoo aliyepotea. Akalikata na kulitia kwenye daftari lake. Muda mfupi baadaye, mahubiri ya Mchungaji Mwema yalipokwisha, Moody akamtaka aimbe wimbo wa kufunga. Aliweka kipande kile cha gazeti mbele yake, akabonyeza akodi na kuutunga muziki palepale, mstari kwa mstari. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, kazi ikawa kuukumbuka ili aurudie kwenye ubeti wa pili. Aliweza kwa sababu miaka mingi ya kuongoza kwaya ilikuwa imemzoeza kuusikia muziki ndani ya maneno. Maandalizi yalikuwa yamefanyika zamani.

Mke na mfuko

Fanny alikuwa mwanakwaya wa Sankey kabla hawajaoana mwaka 1863, hivyo Sankey alisafiri na mtu aliyeijua kazi kutoka ndani. Ziara ilichukua miaka miwili. Mtoto wao Ira Allan, ambaye baadaye naye alitunga nyimbo, alizaliwa Edinburgh mwaka 1874, katikati ya ziara. Mwimbaji hakulazimika kuchagua kati ya huduma na ndoa, kwa kuwa ziara ilipangwa kwa mwendo ambao familia iliweza kuustahimili: mara nyingi mji mmoja kwa wiki kadhaa, badala ya mji mmoja kwa usiku mmoja.

Fedha nazo zilipangwa. Uvumi ulipoenea kwamba Wamarekani wale wamekuja kutajirika, mrabaha wa kijitabu ulitengwa na mifuko yao, na sehemu yake ikamalizia jengo jipya la kanisa la Moody, badala ya lile lililoungua katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871.

Mikutano yetu ya injili viwanjani bado ina mpangilio wa ziara ile: kwaya, mwimbaji mmoja, mahubiri, wito. Tumeongeza jenereta, spika ndefu na plebeki, na mara nyingi maneno yanamezwa na besi. Mwimbaji anayepanga ziara afanye kwanza mambo manne: asimame nyuma kabisa ya uwanja asikilize kama maneno yanasikika, ajifunze wimbo mmoja wa wenyeji, agawe maneno kwa karatasi au kwa simu, na akae chini na mwenzi wake wapange safari na hesabu zake pamoja, kabla hajakodi spika hata moja.