Hongera, Askari wa Wanyamapori

Moiben, Kenya, ni eneo la mahindi na ngano, halina mbuga. Hata hivyo korongo taji hutua mashambani mwetu. Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hawawezi kuwepo katika kila bonde. Wanamtegemea mkulima aonaye mtego wa waya, akauacha ulivyo, akapiga simu na kutaja mahali na saa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inawapa askari nguvu ya kushtaki. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu raia kutetea mazingira kortini bila kuthibitisha hasara. Nawapongeza askari wanaoitikia simu hiyo, wakalinda ushahidi, wala hawamtaji aliyewaita. Uaminifu huo ndio huzaa mashahidi.