Uhakiki wa Michezo Midogo ya Video: Sheria, Maudhui na Mchezaji

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, ni desturi yetu kutaja ngoma, ushairi, uchongaji, hadithi na tamthilia. Michezo ya video hutajwa kwa nadra, na ikitajwa huwa ni kwa kulalamikiwa: kwamba inawapotezea vijana wakati, kwamba imejaa bunduki, kwamba ni mali ya wageni. Malalamiko hayo hayakosi ukweli. Lakini yanahusu zaidi michezo mikubwa, inayotengenezwa na makampuni yenye mamia ya wafanyakazi na kutangazwa kila pembe ya dunia. Katika insha hii tunakusudia kuichunguza michezo ya namna nyingine, ile midogo inayotungwa na mtu mmoja au kikundi cha watu wachache, wasio na tajiri wa kuwaamuru waseme nini. Tutauliza inasema nini, inasemaje, na yatupasa kuitafuta na kuicheza kwa namna gani.

Kwanza hapana budi tuiondoe dhana kwamba mchezo, kwa kuwa ni mchezo, hauwezi kubeba fikra nzito. Wazee wetu hawakupata kuwa na dhana hiyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Huanza kwa hatua ya namua, kete zikiingizwa ubaoni moja moja, kisha huingia hatua ya mtaji. Mtu anayesimama barazani kulitazama bao hatazami nakshi za ubao tu, hata zikiwa za kupendeza. Anazitazama sheria zikifanya kazi: namna kete moja iliyotiwa kwa pupa inavyomfilisi mchezaji baada ya mizunguko kadhaa. Utamu wa bao, na mafunzo yake pia, umo katika sheria zake.

Hali ni hiyo hiyo katika mchezo wa video. Picha na muziki ni sehemu ya fani, lakini moyo wa fani ni sheria. Mtunzi wa riwaya husema kwa maneno. Mtunzi wa mchezo husema kwa kuamua nini kinaruhusiwa, nini kinalipwa na nini kinaadhibiwa. Kwa hiyo mhakiki anayeyatafuta maudhui ya mchezo katika maneno yaliyoandikwa kwenye kioo peke yake, atayakosa.

Tuchukue mfano wa Papers, Please, uliotolewa mwaka 2013 na Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani. Pope alikuwa ameacha kazi katika kampuni kubwa ya michezo, naye aliutunga mchezo huu peke yake. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka, mwaka 1982. Ameketi dirishani. Watu wanapita mmoja mmoja na pasipoti zao, naye analinganisha majina, tarehe, picha na alama, kisha anagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Hulipwa kwa hesabu ya watu aliowashughulikia. Jioni ujira wake hauna budi kutosha kodi ya nyumba, chakula, moto wa kuotea na dawa, kwa sababu nyumbani wanamtegemea mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Na karibu kila asubuhi huletwa agizo jipya.

Tuliucheza mchezo huu kwa jioni kadhaa, watu wanane tukiizunguka kompyuta moja, walimu na vijana. Siku moja mchezoni alifika mwanamume mwenye hati zote. Alipopita akatuomba tumtendee wema mke wake aliyekuwa nyuma yake. Mke akaja, hana kibali cha kuingia, anasema akirudishwa kwao atauawa. Chumba kiligawanyika. Mama mmoja akasema apite; mwalimu mmoja akasema sheria ni sheria. Kijana aliyeshika kipanya hakumjibu yeyote kati yao. Aliuliza neno moja tu: "Leo tumeshakosea mara ngapi?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa kazi nzima. Katika sheria za Pope, makosa mawili ya mwanzo ya siku huonywa bila kutozwa. Kuanzia la tatu, afisa hukatwa ujira. Tulikuwa tumekosea mara moja tu, kwa hiyo mke yule akapita, na sote tukafurahi kana kwamba tumetenda jambo kubwa. Siku nyingine, maonyo yote mawili yakiwa yamekwisha na mtoto wetu akiwa mgonjwa, mkono ule ule ulimgongea mtu mwingine aliyetusihi muhuri mwekundu, wala hakuna aliyepinga. Ndipo tulipotambua tulilokuwa tukilifanya. Huruma yetu ilikuwa na mgao, mara mbili kwa siku, na sisi wenyewe tulikuwa tumeukubali mgao huo bila kuambiwa.

Hapa ndipo tunaposema kwamba mtunzi amefaulu. Hakuna mahali alipoandika hotuba juu ya urasimu na jinsi unavyomla mtu utu wake. Ameweka hesabu ndogo ya ujira, faini na dawa, kisha akatuachia muhuri. Msomaji wa riwaya anaweza kumlaumu mhusika na kufunga kitabu akiwa msafi. Mchezaji hana nafasi hiyo, maana mkono uliogonga ni wake.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu, nasi tungekosa uaminifu kama tusingeutaja. Mtunzi ametuketisha ndani ya dirisha. Lakini wengi wetu hatukuijua mipaka ya dunia kwa kuketi dirishani. Tumeijua kwa kusimama kwenye foleni, bahasha ya vyeti mkononi, tukingoja mtu asiyetujua aamue kama safari yetu ni ya kweli. Katika mchezo huu foleni ni safu ya vivuli nje ya kibanda. Mtu akifika dirishani anapata uso na maneno machache, akipita ametoweka, na wanaorejea ni wachache sana. Maudhui ya anayehukumu yamechimbwa hadi chini. Maudhui ya anayehukumiwa yameguswa juu juu. Mchezo wa foleni bado unahitaji mtunzi, na si ajabu akatoka miongoni mwa watu walioijua foleni.

Mfano wetu wa pili ni Stardew Valley, uliotolewa mwaka 2016. Eric Barone wa Marekani aliutunga peke yake, picha, muziki na programu, kwa zaidi ya miaka minne. Kufikia mwaka 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 30, na hivyo "udogo" wake umo katika utungaji, haumo katika mapato. Kisa chake kingemvutia kila anayejali maisha ya vijijini. Mfanyakazi aliyechoshwa na kampuni iitwayo Joja anaiacha ofisi na kwenda kulima shamba aliloachiwa na babu yake. Kijijini mna jumba la jamii lililochakaa. Mchezaji anaweza kulifufua kwa kuchanga mazao, samaki na vitu vingine, au anaweza kuilipa kampuni, na jumba likageuzwa ghala lake. Hili ni swali zito, tena limewekwa vizuri: mali ya wote ijengwe kwa mchango wa jasho, au iuzwe kwa anayelipa haraka?

Lakini tukizitazama sheria za shamba lenyewe, tunakuta jambo jingine. Kila majira yana siku 28 kamili, wala hayachelewi. Mmea usiponyeshewa hudumaa tu, haufi. Na mkulima akivuna nyanya chache au nyanya mia, bei yake sokoni ni ile ile. Mkulima wetu anayezijua mvua zinazokatika mwezi mmoja kabla ya mavuno, na anayejua kwamba mwaka wa neema ndio mwaka ambao mlanguzi hutaja bei ya dharau, ataucheza mchezo huu kwa tabasamu. Tunatambua kwamba mtunzi alikusudia kumpumzisha mchezaji. Lakini hii ni ndoto ya mtu wa mjini aliyechoka, anayekiona kijiji kuwa kimbilio. Kwa vijana wetu wengi kijiji ndipo safari inapoanzia. Ndoto si kosa. Kosa ni kuipokea bila kuuliza ni ya nani.

Ndiyo maana tunaona umuhimu wa Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotolewa mwaka 2016 na Kiro'o Games, kikundi cha vijana wa Yaoundé nchini Kamerun. Sehemu ya fedha zao waliipata mwaka 2015 kwa michango ya watu kupitia mtandao. Shujaa ni mwanamfalme Enzo, aliyepinduliwa na shemeji yake, anayetangatanga pamoja na mkewe Erine akitafuta nguvu za urithi wa wahenga. Mambo mawili yanatupendeza. Mke si mapambo. Ni mshauri na mwenzi wa vita. Na urithi wa wahenga haukufanywa kuwa ngoma ya kuonyeshwa watalii, bali umefanywa sheria ya mchezo, maana nguvu za shujaa hukua kadiri anavyoutambua urithi huo. Kwa upande mwingine, sheria za mapigano yake zimefuata kwa karibu mno mifano ya Japani, na wahusika wake wanasema Kifaransa na Kiingereza. Hatusemi hivyo kwa kuwabeza, kwani wao wametenda na sisi bado tunatazama.

Sasa tuje kwenye swali la kuipata michezo hii. Zamani tatizo lilikuwa uhaba. Leo tatizo ni wingi. Tangu mwaka 2017 mtunzi yeyote anaweza kuuweka mchezo wake katika duka la Steam kwa kulipa dola 100, na katika mwaka 2024 pekee iliwekwa zaidi ya michezo 15,000 mipya. Katika itch.io, duka lililoanzishwa mwaka 2013, michezo mingi hutolewa bure. Mwezi Juni 2020 watunzi wa huko walikusanya kazi zaidi ya 1,700 katika furushi moja kwa bei isiyopungua dola 5, wakachangisha zaidi ya dola milioni 8 kwa ajili ya haki za watu weusi. Tendo hilo lilikuwa la heshima. Lakini nani atazicheza kazi 1,700? Wingi ni neema, tena unaweza kuwa kaburi. Duka huitanguliza mbele ya macho yetu michezo ambayo tayari inauzwa, na kazi njema ya mtunzi asiyejulikana hufukiwa siku ile ile inapozaliwa.

Hapa baraza lina la kutufundisha. Hakuna aliyejifunza bao kwa tangazo. Mtu alisimama nyuma ya wachezaji, akatazama, akauliza, akacheka alipofungwa, hata siku moja akaketi. Mchezo mdogo wa video nao unahitaji watu wa kusimama nyuma yake: mwalimu anayeuleta darasani, kijana anayemwita mwenzake, mhakiki anayeucheza hadi mwisho kabla ya kuusifu au kuulaumu. Wala vifaa visiwe kisingizio cha kila jambo. Cave Story, uliotungwa na Daisuke Amaya wa Japani peke yake kwa muda wa miaka mitano, ulitolewa bure mwaka 2004, nao ni mwepesi kiasi cha kuchezeka katika kompyuta kuukuu. Kompyuta moja iliwatosha watu wanane jioni ile.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba maktaba, shule na vyama vya vijana viipe michezo hii nafasi ile ile ambayo tumeipa tamthilia: ichezwe hadharani, ijadiliwe kwa Kiswahili, na fani na maudhui yake yapimwe bila woga na bila kasumba. Watunzi hawatatoka hewani. Watatoka miongoni mwa wale waliokwisha kuzoea kuuliza, kila wanapopewa muhuri, ni nani aliyeiweka sheria hii na inamlipa nani. Yule kijana aliyeshika kipanya tayari ameanza kuuliza. Jioni ya mwisho alituomba turudi nyuma hadi siku ya wale mume na mke, tucheze tena bila kuhesabu makosa. Tulicheza, na safari hii familia yetu mchezoni ililala njaa.