Kiingereza: Lugha ya Kisiwa Iliyovuka Bahari

Mwaka 1582 mwalimu mmoja wa London, Richard Mulcaster, alichapisha kitabu cha kuitetea lugha yake. Humo alikiri kwamba Kiingereza hakikuwa na masafa: kiliishia kwenye fukwe za kisiwa chao, na hata ndani ya kisiwa chenyewe hakikuenea kote. Msomaji wa visiwani hawezi kuyapita maneno hayo hivi hivi. Lugha ambayo leo rubani huisemea angani na mfanyabiashara huiandikia mkataba ilikuwa lugha ya kisiwa kimoja, tena ikionewa haya na baadhi ya wenyewe.

Haya hiyo ilikuwa na chimbuko. Tangu Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakubwa walizungumza Kifaransa na wanazuoni wakaandika Kilatini; Kiingereza kikabaki cha shambani na jikoni. Sheria ya mwaka 1362 iliyoamuru kesi ziendeshwe kwa Kiingereza iliandikwa yenyewe kwa Kifaransa. Basi ilikuwaje mtwana akawa bwana?

Wapo wanaojibu kwamba Kiingereza kilishinda kwa uzuri wake: wepesi wa sarufi, wingi wa msamiati, utajiri wa fasihi. Jawabu hili halina mashiko. Tahajia yake huwatesa hata waliozaliwa nayo, na hakuna lugha iliyovuka bahari kwa sababu ya mnyambuliko wa vitenzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Wengine hujibu kwamba ni mabavu, nao wana ushahidi. Mwaka 1835 Thomas Macaulay, akiishauri serikali ya Kiingereza nchini India juu ya elimu, alidai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ilishinda maandishi yote ya India na Arabuni. Na katika waraka huohuo alikiri kwamba hakujua Kisanskriti wala Kiarabu. Hukumu hiyo ya asiyesoma ikawa msingi wa siasa ya elimu. Waya wa simu wa kampuni ya Kiingereza uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa hadhi sawa, na ukiritimba wa Kifaransa katika diplomasia ukavunjika. Baada ya mwaka 1945 Marekani ilikishika Kiingereza kwa fedha, sayansi na filamu, hata jua la Uingereza lilipotua lugha yake haikutua nalo.

Hayo ni kweli, ila hayatoshi. Bunduki ilikieneza Kiingereza, haikukijenga. Waliokijenga, kabla ya merikebu kung'oa nanga, ni wafasiri. William Tyndale, mfasiri wa Biblia, alihukumiwa kwa uzushi na kuuawa mwaka 1536, lakini maneno yake mengi yaliingia katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Plutarch aliandika kwa Kiyunani; Jacques Amyot akamtia katika Kifaransa mwaka 1559; Thomas North akakichukua Kifaransa hicho akakifanya Kiingereza mwaka 1579; na Shakespeare akachota humo alipotunga tamthilia yake ya Julius Caesar. Lugha iliyokuwa ikijiona maskini haikuona aibu kukopa, na mikopo ile ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Mnyororo huo haukukatikia London. Mwaka 1963 Julius Nyerere aliitoa tamthilia hiyohiyo kwa Kiswahili, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais wa nchi changa, mwenye kazi zisizohesabika, aliona kufasiri ni sehemu ya kujenga taifa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1962, waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, kwamba Shaaban Robert hakustahiki kualikwa, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Mwezi huohuo Shaaban alifariki dunia. Kijana alipata kiti kwa hadithi mbili. Mtungaji wa Utenzi wa Vita vya Uhuru hakukipata.

Dawa aliyoitoa Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, ilikuwa kurejea Kigikuyu. Ni dawa njema, lakini ni nusu ya dozi. Nusu ya pili ilionekana mwaka 1982, Caitaani Mutharabaini ilipotoka kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Lugha haikui kwa kuandikwa na wenyewe tu. Hukua pia kwa kuwakaribisha wageni barazani.

Hapo ndipo visiwa hivi vina deni. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alichapisha Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alitunzwa ugenini kwanza, na kitabu kikachukua miaka 28 kufika nyumbani.

Kiunguja nacho ni lahaja ya kisiwa iliyovuka maji. Mwaka 1928 ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na leo inasemwa mbali na ufuo wake. Kumlaumu Macaulay ni haki, lakini lawama haijazi maktaba. Rafu aliyoidharau hujazwa kitabu kwa kitabu, na yeyote mwenye lugha mbili, kalamu na subira anaweza kuanza usiku wa leo.