Upungufu wa Neno 'Kuzunguka' katika Maelezo ya Mwendo wa Sayari

Katika maandishi ya sayansi kwa Kiswahili, ni maneno machache yaliyotwikwa mzigo mzito kama 'kuzunguka'. Dunia yazunguka katika mhimili wake kwa siku moja. Yazunguka jua kwa siku 365 na robo. Mwezi wazunguka dunia, na setilaiti kadhalika. Kasoro ya kwanza ya matumizi haya ni dhahiri, na dawa yake tunayo: kitu kigeukacho mahali pake 'hujizungusha', na kipitacho pande zote za kingine 'hukizunguka'. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo niliyokusudia kuijadili.

Neno hili lataja umbo la njia, wala halitaji sababu yake. Katika darasa moja mkoani Shinyanga nilimsikia mwanafunzi akieleza kwamba setilaiti haianguki kwa kuwa imekwisha toka katika mvuto wa dunia. Mwenziwe akasema imeshikwa mfano wa ndama aliyefungwa kigingini. Huyu wa pili alikuwa karibu zaidi na kweli, maana mvuto upo. Hata hivyo wote wawili walikuwa wakijaza pengo lililoachwa na neno.

Je, majina ya njia yenyewe yatusaidia? 'Obiti' asili yake ni Kilatini, nalo lilimaanisha alama iachwayo na gurudumu. Mwenye gari la ng'ombe apitaye mbuga za Shinyanga wakati wa mvua ajua jinsi alama hiyo, katika udongo mweusi, ilishikavyo gurudumu lisitoke. Angani hakuna tope la kushika kitu. 'Mzingo' lataja ukingo wa kitu cha mviringo, hali tangu mwaka 1609, Kepler alipochapisha hesabu zake, imejulikana kwamba njia ya sayari ni duaradufu. 'Falaki' kwa Kiarabu hutaja njia ya nyota, lakini Kiswahili kimekwisha lifanya jina la elimu, na kulirudisha nyuma si kazi nyepesi.

Natutazame setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili. Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Njia yake iliachana na ikweta kwa digrii 3 hivi tu, hata mara kwa mara ikapita karibu na utosi wa Geita. Kimo chake kilikuwa kama kilomita 540, na huko mvuto wa dunia ni kiasi cha asilimia 85 ya huu wa hapa chini. Kila sekunde Uhuru ilianguka mita 4 na kidogo; katika sekunde iyo hiyo ilikwenda mbele kilomita 7 na nusu, na uso wa dunia, kwa mviringo wake, ukajikunja kwa kiasi kile kile. Hivyo ilianguka daima isifike chini, mpaka hewa hafifu ya juu ilipoipunguzia mwendo ikateremka mwaka 1979.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita huliita shimo lao 'duara'. Kwa mwalimu wa hesabu duara ni umbo. Kwa mchimbaji ni mahali pa kushukia, na jiwe likiponyoka mdomoni mwake huanguka. Maana hizo mbili, ambazo kamusi ingeziweka mbalimbali, zakutana katika mwendo wa sayari. Sipendekezi 'duara' liwe istilahi, kwani umbo limekwisha litwaa. Napendekeza 'obiti' libaki, ila lifasiliwe hivi: njia ya kitu kiangukacho daima kuelekea kingine, huku kikienda kando kwa kasi ya kutosha kukikosa. Waandishi wa vitabu wakiiongeza sentensi hiyo moja, mwanafunzi wa Shinyanga hatalazimika kubuni kamba wala kuufuta mvuto.