Chungu Baada ya Maangamizi: Chakula cha Kimiujiza na Madaraka katika Utendi wa Mwindo, Usomaji kwa Muktadha wa Nakivale

Ikisiri

Makala hii inahakiki taswira ya chakula chenye nguvu za kimiujiza katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo Mashariki, na kuilinganisha kwa ufupi na utendi wa Fumo Liyongo. Hoja kuu ni kwamba katika utendi wa Mwindo muujiza wa chakula haukusudiwi kumwongezea shujaa uwezo wa kuwashinda wengine, bali humpima iwapo anastahili kuwatawala walionusurika. Makala inapendekeza utendi huu utumike katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda, hususan katika shule zinazohudumia wakimbizi.

1.0 Utangulizi

Katika bunilizi nyingi za kifantasia zinazosimulia dunia baada ya maangamizi, mapishi hugeuka chanzo cha nguvu: shujaa huua dubwana, hulipika, hulila, na nguvu za dubwana huwa zake. Fasihi ya Kiswahili nayo imeitazama dunia iliyoteketea, kama ilivyo katika Mzingile (1991) ya Euphrase Kezilahabi. Hata hivyo, kiungo cha chakula, maangamizi na madaraka kinajitokeza kwa uwazi zaidi katika fasihi simulizi ya ukanda huu, na mfano bora ni utendi wa Mwindo. Msimulizi Shekarisi Rureke aliutamba mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969.

Utendi huu unasomwa hapa kwa kuzingatia mahali mahususi. Kaberebere ni mji mdogo wa Wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, katika nchi ya migomba. Wilaya hiyohiyo ina makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ambayo leo yanawahifadhi Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wakongo wengi walioko huko wanatoka Kivu, eneo ambalo ndilo chimbuko la utendi wenyewe. Kwa jamii hizi, kuteketea kwa kijiji na kusubiri chakula ni mambo ya maisha yao. Aprili 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 kutokana na uhaba wa fedha. Kwa hiyo, swali la nani anashika mwiko na nani anasubiri sahani ni swali la kisiasa kabla ya kuwa la kisanaa.

2.0 Chakula Kinachoitwa kwa Wimbo

Mwindo anazaliwa akiwa anasema na kutembea, mkononi ameshika usinga. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, hataki mtoto wa kiume, hivyo anajaribu kumwua. Mwindo anapata hifadhi kwa shangazi yake Iyangura, kisha anarudi kudai haki yake akiwa na wajomba zake. Wakiwa nje ya Tubondo bila chakula, Mwindo anaimba, na vyakula vya Shemwindo vinaondoka vyenyewe kumfuata, pamoja na maji, moto, kuni na vyombo.

Tukio hili si pambo. Utendi unabainisha kwamba utawala unakaa ghalani: Tubondo inakwisha kama dola pale jiko lake linapohama, hata kabla ya Nkuba, yaani Radi, kuiteketeza. Hata hivyo, ushindi huu una kasoro. Wimbo uliowashibisha wafuasi wa Mwindo umewanyang'anya wakazi wa Tubondo waliokuwa hawana sauti katika ukatili wa Shemwindo. Ni chakula cha halali kwa mdai haki, lakini kwa mwananchi wa kawaida ni uporaji. Msomaji anayemshangilia shujaa hapa anapaswa kuujibu utata huo.

3.0 Vyungu Viwili vya Kuzimu

Shemwindo anatorokea kuzimu, kwa Muisa, na Mwindo anamfuata. Huko kuna karamu za aina mbili. Muisa anamkaribisha mgeni kwa pombe na chakula vilivyochanganywa na uchafu. Kahindo, binti wa Muisa, ambaye Mwindo anamtibu ugonjwa wa ngozi, amemwonya akatae, kisha yeye mwenyewe anampikia ugali wa ndizi.

Kukubali sahani ya Muisa ni kukubali kudhalilishwa. Kwa sababu hiyo, nguvu kubwa ya Mwindo katika sehemu hii ni kukataa, wala si kula. Ugali wa Kahindo, kwa upande wake, hauna uganga wowote. Uwezo wake unatokana na ukweli kwamba umepikwa na anayemtambua mlaji kuwa ni mtu. Baadaye Muisa anamtaka Mwindo apande na kuvuna shamba la migomba kwa siku moja, kazi ambayo zana zinaifanya zenyewe kwa amri yake. Hata mbele ya muujiza huo, mwenye chakula anaendelea kubuni masharti mapya. Washauri wa sera za misaada watalitambua tatizo hili: wingi wa chakula hauondoi udhalili ikiwa mpokeaji hana kauli.

4.0 Macho ya Kirimu

Baada ya Tubondo kufufuliwa, Mwindo anatamani nyama ya nguruwe mwitu na kuwatuma Watwa wawindaji. Kirimu, zimwi la msituni, anawameza. Mwindo anamwua zimwi, na Watwa wanatoka tumboni wakiwa hai. Macho ya Kirimu yanapochomwa juu ya kigae, yanapasuka na kutoa watu wengi.

Hapa utendi unapindua kanuni ya bunilizi zilizotajwa mwanzoni. Dubwana linapikwa, lakini nguvu haziingii mwilini mwa shujaa. Kinachotoka motoni ni watu. Mapishi yanairudishia jamii watu. Isitoshe, harufu ya Kirimu inamfikia Nkuba, rafiki wa zimwi, ambaye anampandisha Mwindo mbinguni kumwadhibu kwa baridi, mvua na jua. Anaporudi, amekatazwa kuua wanyama. Sheria anazowatangazia watu wake zinaanza na agizo la kulima mazao mengi. Safari iliyoanza kwa wimbo wa kuchukua chakula cha wengine inaishia kwenye jembe.

5.0 Kasoro ya Utendi na Jibu la Pwani

Pamoja na ukomavu huo, utendi una upofu wake. Tamaa ni ya mtawala, lakini wanaomezwa ni Watwa. Kahindo, ambaye onyo lake ndilo linalomwokoa shujaa, anafifia mara tu Mwindo anapopata anachokitaka. Jiko linatukuzwa ilhali mpishi anasahauliwa.

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, unasaidia kuliona pengo hili. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa na kumtuma kijakazi Saada. Walinzi wanajichukulia vyakula vizuri na kuuacha mkate huo kwa dharau. Hakuna uchawi hapo. Kilichopo ni ujuzi wa mpishi anayezielewa tabia za wenye mamlaka, na ujasiri wa mbebaji. Tendi hizi mbili zikifundishwa pamoja, mwanafunzi atajifunza kuuliza swali ambalo kila moja peke yake haliulizi kikamilifu: nani alipika, na alipata nini?

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Swali lililobaki ni kitafundishwa kwa matini zipi. Mateene, mwana wa Wanyanga na mhariri mwenza wa utendi huu, aliwahi kuiongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika jijini Kampala, na alitetea nafasi ya lugha za Kiafrika katika elimu. Ni jambo la kufaa kazi aliyoihifadhi ifundishwe katika nchi aliyowahi kufanyia kazi.

Makala inapendekeza, kwanza, sehemu teule za utendi wa Mwindo zitumike kwa Kiswahili katika shule za Isingiro, kwa wanafunzi wakimbizi na wenyeji pamoja. Pili, watambaji waliomo ndani ya makazi washirikishwe kama wataalamu, na walipwe kwa kazi yao. Mtoto wa Kivu aliyeketi darasani Nakivale asikutane na Kiswahili kama mgawo mwingine uliopimwa na wengine. Akikute ndani yake chakula cha kwao, na apewe mwiko.